Tusipomjali sajini, mageuzi ya polisi yatabaki karatasini

Kila mara jina la polisi linapochafuka humu nchini, macho yetu huelekea juu. Tunataka Inspekta Jenerali ajiuzulu, waziri atoe maelezo, Bunge liunde kamati na Rais ateue jopo la uchunguzi. Madai hayo si mabaya, kwa maana aliyeshika usukani ndiye anayeulizwa chombo kinapokwenda mrama. Hata hivyo, katika makelele hayo yote yuko mtu mmoja ambaye hatumtaji kamwe, ilhali aghalabu ndiye aliyekuwa karibu zaidi na jambo lenyewe lilipotendeka. Mtu huyo ni sajini.

Mimi nashikilia kwamba sheria zote nzuri tulizojitungia tangu mwaka 2010 huishia mikononi mwa sajini. Akizitii, raia huziona. Akizipuuza, hubaki maandishi matupu ya kukaririwa darasani. Kama kuna anayetilia shaka neno hili, na aje Voi tutazame pamoja kazi ya mtu huyu.

Kwanza tuelewane kuhusu cheo chenyewe. Sajini ni askari mwenye tepe tatu. Yu juu ya konstebo na koplo, lakini yu chini ya sajini mkuu na inspekta. Si mkubwa wa kukaa ofisini akisubiri ripoti, wala si mdogo wa kutumwa tu asiulizwe rai yake. Ndiye kiungo baina ya amri na utekelezaji. Robert Peel alipoanzisha polisi wa jiji la London mwaka 1829, kila sajini alikabidhiwa makonstebo tisa. Hesabu hiyo haikuwa ya kubahatisha. Watu tisa ni kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuwafahamu kwa majina na tabia: nani mwepesi wa hasira, nani mpenda pombe, nani ana mgonjwa nyumbani, na nani hafai kupewa bunduki leo.

Hapa kwetu chanzo kilikuwa tofauti. Polisi wa kikoloni hawakuundwa ili kumtumikia mwananchi wa Voi au Wundanyi, bali kulinda mali na reli, na kuhakikisha kuwa kodi inalipwa. Kwa sehemu kubwa ya enzi hiyo maafisa walikuwa Wazungu, naye sajini Mwafrika alikuwa mdomo wa kupitishia amri tu. Kazi yake ilikuwa kuitika, kugeuka, na kuwapigia wenzake kelele zile zile alizopigiwa yeye. Uhuru ulipokuja tulibadilisha bendera na majina ya wakubwa, lakini desturi hiyo ya sajini kuwa mdomo usio na akili yake haikung'olewa.

Sasa tuitazame Taita Taveta. Hii ni kaunti yenye eneo la yapata kilomita 17,000 za mraba, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671. Mji wa Voi umekaa penye njia panda. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita hapo, na malori yake hayana usiku wala mchana. Barabara ya Mwatate na Taveta inachepuka hapo kuelekea mpaka wa Holili na nchi jirani ya Tanzania. Reli ya zamani ilifika hapo mwishoni mwa karne ya 19, na reli ya kisasa ikaanza kubeba abiria mwaka 2017. Palipo na njia panda hupita wema na waovu pia.

Kwa hiyo sajini anayeongoza kikosi katika eneo hili hana siku mbili zinazofanana. Asubuhi huenda akaitwa penye ajali ya lori na matatu. Adhuhuri akaambiwa kuwa wachimbaji wa vito wanagombania shimo. Jambo hilo si la mzaha, kwa kuwa mnamo Agosti 2009 mwanajiolojia Campbell Bridges, aliyejulikana ulimwenguni kwa kugundua kito cha tsavorite, aliuawa na kundi la watu katika mgogoro wa machimbo karibu na Voi. Jioni huja habari za wafugaji walioingiza ngamia kwenye ranchi au mashamba ya wenyewe. Na usiku, tembo wakishuka Sagalla au Mbololo na kumkanyaga mkulima, umati wenye uchungu huifunga barabara kwa mawe na magogo.

Tuliangalie tukio hilo la mwisho kwa makini. Tembo ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Fidia ya shilingi milioni tano kwa ajili ya aliyeuawa imeandikwa katika sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na malipo yake si kazi ya polisi. Lakini anayesimama mbele ya umati huo saa mbili za usiku ni sajini na makonstebo wake sita au saba, vijana wenye silaha na hofu vifuani. Wakubwa wako mbali, simu inakatika, na mawe yameanza kurushwa. Je, atawaambia vijana wake wafyatue? Au atajongea mbele, awatafute wazee wa kijiji na naibu wa chifu, awasikilize waliofiwa, kisha awaambie ukweli kwamba hana fidia mfukoni ila ana kalamu ya kuandika tukio na ulimi wa kulifikisha panapohusika? Hakuna jopo la Nairobi litakalolijibu swali hilo kwa niaba yake. Uamuzi huo ni wake, nao hauchukui zaidi ya dakika moja.

Sheria imemwelekeza. Nyongeza ya Sita ya Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 inasema kuwa afisa aanze na njia zisizo za nguvu; akilazimika kutumia nguvu, ziwe za kiasi kinacholingana na hatari iliyopo. Aliyejeruhiwa apatiwe matibabu, na jamaa zake waarifiwe. Mtu akiuawa au kuumizwa vibaya, taarifa ipelekwe kwa mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi, yaani IPOA. Maneno haya ni mazuri mno. Lakini konstebo wa miaka 23 hayakumbuki mawe yanapovuma. Anachokumbuka ni sauti ya sajini wake, na kama sauti hiyo ilikuwa na utulivu au kiwewe.

Mbali na barabarani, kuna mahali pengine ambapo sajini hutawala bila kuonekana, napo ni kaunta ya kituo. Hapo kuna kitabu cha matukio, kile ambacho raia wengi hukiita OB. Kitabu hicho ni mzizi wa haki nchini kuliko majengo mengi ya mahakama. Mtu ambaye jina lake na saa ya kukamatwa kwake vimeandikwa humo yupo, na lazima aonekane tena. Ambaye hakuandikwa anaweza kusahauliwa, kuhamishwa au kuuzwa kwa jamaa zake kwa bei ya hongo.

Tuchukue mfano. Ijumaa usiku gari la doria linateremsha vijana sita waliozolewa kwenye steji ya mabasi. Mmoja wao ni mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetumwa na mamake kumpokea mgeni. Konstebo anasema, "Afande, hawa walikuwa wakizurura." Sajini wa aina moja ataitikia kwa kichwa na kufungua mlango wa seli, kwa kuwa anajua kwamba ifikapo alfajiri wazazi watakuja na vijisenti vyao. Sajini wa aina nyingine atauliza maswali manne: Amekamatwa nani? Na nani? Saa ngapi? Kwa kosa gani lililo katika sheria? Pasipo jibu la swali la nne, vijana hao watarudi makwao. Likiwapo jibu, majina yataandikwa, kila mmoja ataelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, mzazi wa mwanafunzi atapigiwa simu, na mtoto hatalazwa na watu wazima.

Hayo yote si hisani ya sajini. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukimalizikia siku ambayo mahakama haikai. Kifungu cha 53 kinasema kuwa mtoto azuiliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, tena mbali na watu wazima. Tofauti baina ya sajini wa kwanza na wa pili haitokani na sheria, maana sheria yao ni moja. Inatokana na malezi ya kazi.

Wapo watakaouliza kwa nini nautilia mkazo msako wa ovyo kana kwamba ni msiba mkubwa. Ninawakumbusha historia ya kaunti hii. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, watawala Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani waliovuka kutoka Tanganyika. Hawakuuliza ni nani aliyetenda na ni nani asiyetenda. Waliwahamisha watu hao kwa jumla hadi Malindi, katika nchi ya joto na maradhi ambayo hawakuizoea, na wengi wakafia huko. Adhabu ya jumla ndiyo sura ya kwanza ya serikali ambayo wazee wa upande ule walisimuliwa na wazazi wao. Sajini anayewazoa watu kumi ili kumpata mmoja anaifufua sura hiyo, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kusikia habari za Kasigau. Naye anayeuliza "kosa la huyu ni lipi?" anaifuta polepole.

Sasa nije kwenye hoja ambayo hutolewa kila mara kumtetea sajini, nayo ni kwamba yeye hufuata tu amri za wakubwa. Sheria yetu imeikata hoja hiyo. Nyongeza ile ile ya mwaka 2011 inatamka kuwa kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Lakini tusiwe wanafiki. Kusema hivyo ni rahisi kwa anayeandika gazetini kuliko kwa mwenye watoto wanne shuleni, anayejua kuwa barua ya uhamisho hadi mpaka wa mbali huandikwa kwa dakika tano.

Tumeyaona matokeo ya watu kunyamaza. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakamani, wakazuiliwa katika kambi ya polisi ya Syokimau, kisha wakauawa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa katika Kaunti ya Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafariki akiwa mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Mwanzoni polisi walisema kuwa alijigonga kichwa ukutani, lakini upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha yasiyopatana na maelezo hayo. Kesi ya mauaji yake ilifikishwa kortini, na si kazi ya safu hii kuitangulia hukumu. Neno langu ni moja tu: katika kila kituo na kila kambi, usiku wowote ule, yuko msimamizi wa zamu. Huyo akiuliza kwa sauti, "Mtu huyu ameandikwa wapi?", maovu mengi hukosa mahali pa kutendekea.

Ugumu mwingine wa kazi hii haupatikani katika sheria yoyote, nao ni mapenzi ya kikosi. Sajini na makonstebo wake hula pamoja, hulala porini pamoja na kuokoana mauti. Akimwona kijana wake akimpiga mshukiwa kofi, moyo humwambia afumbe macho, kwani kesho kijana huyo huyo ndiye atakayemkinga wakikutana na majangili vichakani. Kulindana namna hiyo huitwa umoja, lakini ni umoja wa sumu. Kofi lisilokanywa leo huwa rungu kesho na risasi kesho kutwa. Mwisho wake ni konstebo wa miaka 25 amesimama kizimbani peke yake, na wale waliomfumbia macho wakiwa wamekaa kimya katika viti vya nyuma. Sajini anayemkemea mapema ndiye aliyempenda kweli. Kumkanya askari leo ni kumwokoa na kitanzi.

Walimu wanaosoma safu hii wanayafahamu mambo haya kuliko ninavyoweza kuyaeleza. Serikali ilipopiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, agizo lilitoka Nairobi kwa siku moja. Lakini lilichukua muda gani kufika darasani? Palipokuwa na naibu wa mwalimu mkuu na mwalimu wa zamu walioamini kuwa mtoto hufundishika bila kupigwa, fimbo ziliwekwa chini. Pengine zilifichwa kabatini na kutolewa mkaguzi alipoondoka. Sajini ndiye mwalimu wa zamu wa kituo cha polisi. Yeye huamua kama agizo la wakubwa litaishi au litafichwa kabatini.

Nchi hii haijakosa maagizo. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, ambamo watu 1,133 walipoteza maisha, baadhi yao kwa risasi, tulipata jopo la Jaji Philip Ransley mwaka 2009. Katiba ya 2010 iliondoa neno kikosi na kuweka neno huduma. Mwaka 2018 sare zilibadilishwa zikawa za buluu, na maelfu ya polisi wa utawala wakaunganishwa na wenzao wa polisi wa kawaida, hata ikawa sajini mmoja anaongoza watu waliofunzwa katika vyuo viwili vyenye desturi mbili. Mwaka 2023 jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga likatoa ripoti nyingine kuhusu hali ya polisi na magereza. Karatasi zimejaa rafu. Kinachokosekana ni mikono ya kuzitekeleza.

Nina mapendekezo matatu. La kwanza, asipandishwe mtu hadi cheo cha sajini kwa sababu ya miaka aliyotumikia au jamaa anayemjua, bali apimwe kwa rekodi yake: vitabu vyake vya matukio vimeandikwaje, seli zake zilikuwaje, malalamiko mangapi ya kweli yaliletwa juu ya zamu yake. Naye akishateuliwa, afunzwe kuongoza watu, si gwaride pekee. La pili, sajini anayekataa amri haramu akingwe na uhamisho wa kulipiza kisasi, na amri yoyote ya kutumia silaha dhidi ya raia iandikwe pamoja na jina la aliyeitoa. Mkubwa anayejua kuwa jina lake litabaki kitabuni hufikiri mara mbili. La tatu, sajini naye ahudumiwe. Anayeokota maiti barabarani Jumatatu na kumzuia mume asimuue mkewe Jumanne anahitaji makao ya heshima, likizo isiyokatizwa na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Mkono mtupu haulambwi, na moyo uliochoka hauongozi.

Sisi wananchi nasi tuna sehemu yetu. Tunamjua mbunge wetu, tunamjua gavana, lakini ni wangapi wanaolijua jina la sajini anayesimamia doria mtaani mwao? Ni wangapi wanaoomba nambari ya OB wanapopeleka malalamiko, au wanaojua kuwa dhamana ya polisi hailipiwi hongo? Walimu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wanaweza kukifundisha Kifungu cha 49 kama wanavyofundisha methali, hadi kila mwanafunzi akijue kwa moyo. Anayeijua haki yake hutishika kwa shida.

Na miongoni mwa wanafunzi hao wamo watakaojipanga uwanjani siku ya kuandikisha makurutu, wapimwe meno na mbio, kisha wapelekwe Kiganjo. Miaka kumi au kumi na tano baadaye baadhi yao watavaa tepe tatu na kukabidhiwa vijana wa kuongoza. Wakati huo hakuna atakayewauliza walipata alama ngapi katika insha. Wataulizwa kama walisema "hapana" pale "ndiyo afande" ilipokuwa rahisi zaidi. Neno hilo hufundishika, na pa kuanzia kulifundisha ni darasani, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa bunduki.